Jinsi maumivu ya jino yanavyopandisha shinikizo la damu

MGONJWA ambaye hajapata usingizi kwa siku tatu kwa sababu ya jino anafika kliniki alfajiri akitaka jambo moja tu, ling'olewe. Kabla ya kuketi kwenye kiti cha daktari anafungwa mkanda mkononi, na mashine inaonyesha 185 kwa 115. Anaelezwa kwamba jino halitaguswa hadi shinikizo lishuke. Anarudi nyumbani na jino lake, akipitia duka la dawa kununua vidonge vya kutuliza maumivu.

Visa vya aina hii si haba, na swali ambalo wagonjwa hao huondoka nalo ni moja. Je, ni jino lililopandisha shinikizo au ni maradhi yaliyokuwamo mwilini siku zote? Yote mawili yanawezekana, na kipimo kimoja hakitoshi kuyatenganisha.

Katikati ya jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na neva. Uozo unapofika humo, kiini huvimba, lakini kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu hakina pa kutanukia. Neva hubanwa. Ndiyo sababu maumivu hayo hupwita sambamba na mapigo ya moyo, na huzidi usiku mtu anapolala, kwani damu huelekea kichwani kwa wingi zaidi.

Ubongo huyapokea maumivu hayo kama habari ya hatari. Mwili nao hujiandaa kana kwamba umekutana na simba njiani: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hupiga kwa kasi na kwa nguvu, na mishipa midogo ya damu hujikaza. Damu inaposukumwa kwa nguvu zaidi kupitia njia zilizobanwa, shinikizo halina budi kupanda. Ongeza hapo kukesha usiku kucha na hofu ya koleo la daktari, ambayo peke yake inaweza kupandisha kipimo hata kwa mtu asiyeumwa na chochote.

Kwa mtu mwenye afya, hali hii hupita maumivu yanapotulia. Tatizo ni kwa yule ambaye shinikizo lake lilikuwa juu tangu hapo. Aliyezoea kukaa kwenye 160 anaweza kusukumwa na jino hadi kupita 180, na katika kiwango hicho hatari ya kiharusi au mshtuko wa moyo si ya kupuuzwa. Ndiyo maana madaktari wengi wa meno huahirisha kazi isiyo ya dharura kipimo kinapofika 180 kwa 110.

Lakini jino linalomkesha mtu ni vigumu kuliita kazi isiyo ya dharura. Kumrudisha mgonjwa nyumbani bila kumpunguzia maumivu ni kukiacha chanzo cha shinikizo mahali pake. Njia ya busara ni daktari wa meno kushauriana na daktari wa kawaida, maumivu yatulizwe, kipimo kirudiwe baada ya mgonjwa kupumzika, na ikibidi apelekwe hospitali ambako anaweza kuhudumiwa chini ya uangalizi. Akiwa na maumivu ya kifua, macho yaliyofifia au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hiyo ni dharura ya hospitali wala si ya meno.

Vile vidonge vya dukani navyo vina mambo yake. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hununuliwa kama peremende, huzifanya figo zishikilie chumvi na maji, na hivyo kupandisha shinikizo. Zaidi ya hayo, hupunguza nguvu ya dawa za shinikizo kama vile enalaprili, losartani na zile za kukojoza, na zikitumiwa pamoja nazo kwa siku nyingi zinaweza kudhuru figo. Mgonjwa humeza dawa zake za kila siku kwa uaminifu, asijue kwamba kidonge cha jino kinazivunja nguvu.

Parasetamoli ni afadhali, ingawa nayo si ya kumezwa bila hesabu. Utafiti uliofanywa Edinburgh na kuchapishwa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba wagonjwa wa shinikizo waliotumia gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa wiki mbili, walipanda kwa takriban pointi 5 katika kipimo cha juu. Kuitumia kwa siku moja au mbili ukisubiri daktari ni jambo jingine.

Wapo pia wanaoiogopa sindano ya ganzi kwa kuwa mara nyingi ina adrenalini. Kiasi chake ni kidogo mno, na kazi yake ni kuifanya ganzi idumu. Ganzi ikiwa hafifu, mgonjwa ataumia na mwili utamwaga adrenalini yake wenyewe. La muhimu ni daktari wa meno aambiwe mapema kuhusu maradhi na dawa zote, apate kukadiria kipimo kinachofaa.

Kuna maumivu ya taya, hasa ya upande wa kushoto, ambayo hayatokani na meno kamwe bali na moyo. Yakija mtu anapopanda ngazi au kutembea kwa haraka na kutulia anapopumzika, moyo uchunguzwe kabla ya jino.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulibaini kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Kwa wengi, basi, mkanda wa kliniki ya meno ndio wa kwanza kuwahi kufungwa mikononi mwao. Jino likishatibiwa na usingizi kurejea, wapimwe upya kwa siku tofauti wakiwa wametulia. Kipimo kikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, chanzo chake kitafutwe kwingineko, kwani jino halimo tena.