Masafa na Vituo: Safari Ndefu kwa Gari la Umeme

Makongeni ni mtaa wa Nairobi uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na watoto waliokulia humo, baina ya Barabara ya Jogoo na njia ya gari la moshi, waliijua jiografia ya nchi hii kabla ya kuisoma shuleni. Kwa kuwa baba aliposema anakwenda Makindu, au Voi, au Nakuru, alikuwa akitaja kituo, yaani mahali ambapo injini ingesimama, ikanywa maji, ikakaguliwa, na pengine ikabadilishiwa dereva. Katika elimu hiyo ya nyumbani mna jawabu la suala ambalo leo huulizwa kila mara gari la umeme lipitapo barabarani bila ya mngurumo: je, chombo hiki chaweza kumfikisha mtu Mombasa au Kisumu, ama kazi yake ni kuzunguka mjini tu?

Chaweza, kwa sharti moja: pawepo vituo, na msafiri awe na tadbiri ya kuvitumia. Sharti hilo si geni, wala si aibu kwa chombo kipya, maana ndilo lililovitawala vyombo vyote vya safari katika nchi hizi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ilipoingia katika nyika kavu ya Taru iliwalazimu wajenzi wake kuletewa maji kwa treni kutoka nyuma, na Nairobi yenyewe ilizaliwa kuwa bohari ya reli kando ya mto wenye maji. Hata injini kubwa za Garratt za daraja la 59, 34 kwa idadi, zilizoundwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252, hazikuweza kutoka pwani hadi bara bila ya kusimama njiani. Na hakuna mtu wa Makongeni aliyezidharau kwa sababu hiyo.

Gari la petroli nalo lilianza safari zake ndefu katika dunia isiyokuwa na kituo cha petroli hata kimoja. Mwezi wa Agosti mwaka 1888, Bertha Benz, mke wa mhandisi Karl Benz wa Ujerumani, aliwachukua wanawe wawili akaliendesha gari lililoundwa na mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, masafa ya kilomita zipatazo 105, na mafuta yalipopungua aliyanunua katika duka la dawa la mji wa Wiesloch. Vituo vilivyotanda baadaye duniani kote vilijengwa na watu waliosadiki kwamba wasafiri watakuja, na wasafiri wakaja kwa kuwa vituo vilikuwapo.

Basi na tulijue gari lenyewe. Betri yake hupimwa kwa yuniti zile zile tunazozinunua kwa tokeni za stima nyumbani. Nissan Leaf, gari ambalo aghalabu hufika Kenya likiwa limekwisha kutumika Japani, na ambalo tangu mwaka 2018 lilifanya kazi ya teksi jijini Nairobi, lina betri ya yuniti 40 katika toleo lililotoka mwaka 2017. Gari la kadiri hiyo hula yuniti 16 hivi kwa kila kilomita 100, na kwa hesabu ya karatasi litakwenda kilomita 250. Lakini msafiri mwenye hadhari haweki tumaini lake katika chaji ya mwisho, bali huacha akiba ya sehemu moja katika tano na kupanga safari yake kwa kilomita 200. Likichomekwa katika soketi ya kawaida ya nyumbani, huchukua usiku kucha na sehemu ya mchana kujaa. Likichomekwa katika chaja ya kasi ya kilowati 50, hufika asilimia 80 kwa muda wa saa moja au pungufu. Kutoka asilimia 80 kwenda mbele betri hupokea polepole ili isidhurike, na kwa sababu hiyo ni afadhali safarini kusimama mara mbili kwa muda mfupi kuliko kusimama mara moja ukingoja ijae pomoni.

Adui wa kwanza wa chaji ni haraka. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, hata anayekwenda kilomita 110 kwa saa hukabiliwa na upepo wenye nguvu zinazokaribia maradufu ya zile zinazomkabili anayekwenda 80. Naye aliyepita wenzake wote Emali, katika njia ya Mombasa, huenda akawakuta wamekwisha kumtangulia wakati yeye amesimama kuchaji. Adui wa pili ni mwinuko, na wa tatu ni joto, hususan kwa Leaf, ambalo betri yake hupozwa na hewa tu: ikichajiwa kwa kasi mara mbili au tatu katika siku moja ya jua kali, hupata moto, na gari lenyewe hupunguza kiasi cha umeme linachopokea. Kwa hiyo mtu anayeelekea pwani hufanya vyema kuondoka alfajiri.

Tuichukue njia hiyo ya Mombasa iwe mfano wetu, kilomita 485 hivi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwenda Mombasa, pamoja na vilima vyote vya njiani, ni kuteremka. Dereva wa gari la umeme anapoinua mguu, mota hugeuka ikawa jenereta na kuzirudisha betrini nguvu ambazo gari la petroli lingeziteketeza kwa breki. Gari la kilo 1,600 linaposhuka mita 1,600 hutoa katika mteremko huo nguvu zipatazo yuniti 7, zinazotosha kwenda zaidi ya kilomita 40 katika tambarare, na nguvu hizo ama hulisukuma gari mbele au, kwa sehemu, huingia betrini. Wakati wa kurudi yuniti hizo hudaiwa zote, na mtu aliyefurahi kufika pwani na chaji ya ziada asipige hesabu ya marejeo kwa furaha hiyo.

Mpango wenye busara kwa betri ya yuniti 40, basi, ni kuondoka ikiwa imejaa, kuchaji Makindu, kuchaji tena Voi, ndipo kuteremka Mombasa. Na katika kurudi, kuvikaribianisha vituo zaidi, hasa kati ya Mtito Andei na Nairobi, ambako kuna kilomita 235 hivi na mpando wa karibu mita 900. Nje ya Nairobi chaja za kasi zingali chache, na kwa hiyo kabla ya kung'oa nanga yapasa kupiga simu kila mahali unapokusudia kusimama na kuhakikisha mambo matatu: kwamba chaja ipo, kwamba inafanya kazi siku hiyo, na kwamba kichwa chake kinaingia katika gari lako, kwa maana Leaf la Japani hutumia kichwa cha CHAdeMO, magari ya Ulaya hutumia CCS, na mengi ya China yana aina yake yenyewe. Kadhalika usisafiri bila ya kebo yako ya kuchajia polepole, kwa kuwa penye hoteli na soketi nzima hakuna aliyekwama, amecheleweshwa tu.

Na kucheleweshwa huko si hasara tupu. Barabara hii tangu zamani ina mahali pa kutua panapomkirimu msafiri: Makindu lipo hekalu la Masingasinga, lililojengwa na wafanyakazi wa reli, ambamo kila ajaye, wa dini yoyote, hupewa chakula na malazi bila ya kutozwa, na Mackinnon Road, kando ya njia ya reli, upo msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, ambapo madereva na abiria husimama kuzuru na kuomba salama. Barabara hiyo imewaua wengi waliosinzia kwenye usukani na wengi waliokuwa na haraka, na chombo kinachomlazimisha dereva apumzike kila baada ya saa mbili au tatu humrudishia adabu ya safari ambayo wazee wetu waliifuata bila ya kulazimishwa.

Ama gharama, hesabu yake ni wazi. Kilomita 485 zitakula yuniti 78 hivi. Mwaka 2023 mamlaka ya kusimamia nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti katika saa za mahitaji makubwa na shilingi 8 katika saa za usiku, kabla ya kodi na tozo; kwa bei hiyo, umeme wa kufika Mombasa haufiki shilingi 1,300. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita lingetumia lita 40, ambazo kwa shilingi 180 na ushei kwa lita, ilivyokuwa katika mwaka 2025, ni zaidi ya shilingi 7,200. Kituo cha biashara hutoza zaidi ya bei ya EPRA, kwa kuwa mwenyewe amenunua mitambo na anataka faida, na hata hivyo tofauti hubakia kubwa. Fauka ya hayo, petroli yote huja kwa meli na hulipiwa kwa fedha za kigeni, ilhali karibu sehemu tisa katika kumi za umeme wa Kenya hutoka katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mabwawa ya Mto Tana, upepo wa kando ya Ziwa Turkana, wenye mitambo ya megawati 310 iliyozinduliwa mwaka 2019, na jua.

Lakini sharti nililolitaja lina upande mwingine, ambao mtu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, huuona mara moja. Safari ndefu ya gari la umeme huanza usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, pale gari linapolala. Na katika Kaloleni, Mbotela, Maringo na Jericho, nyumba zilijengwa bila ya gereji na bila ya ua wa kila mpangaji, na gari hulala barabarani au katika uwanja wa kulipia. Mwenye jumba Karen ana soketi ukutani pake. Mpangaji wa chumba kimoja atavuta waya kutoka wapi? Mtaa usipopewa chaja ya pamoja, faida yote niliyoihesabu hapo juu itawaendea waliokwisha kuwa nacho, na wasio nacho wataendelea kununua petroli kwa bei ya juu.

Isitoshe, wengi wetu hatusafiri kwa gari letu. Twaenda stendi ya Machakos Country Bus, Landhies Road, na mizigo yetu, tukakata tiketi, tukakaa dirishani. Kwetu sisi, safari ndefu ya umeme itaanza siku basi la umeme litakapotoka hapo kwenda bara au pwani, na mwanzo wa jambo hilo tumekwisha kuuona: tangu mwaka 2022 kampuni ya BasiGo imeyaingiza mabasi ya umeme katika kazi ya matatu jijini, ikianza na Citi Hoppa na East Shuttle, mabasi yenye uwezo wa kwenda kilomita 250 hivi kwa chaji moja. Kilomita 250 hufika Mtito Andei. Linalokosekana ni mahali pa kuchaji hapo wakati abiria wanakunywa chai.

Wapo watakaosema kwamba nchi ambayo stima hupotea haiwezi kuitegemea stima barabarani, na hoja yao ina uzito, maana tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote iliingia gizani. Ila pampu ya petroli nayo huendeshwa kwa umeme; na kituo cha kuchajia kinaweza kuwekewa paneli za jua na betri za akiba, jambo ambalo pampu haiwezi kulifanya kwa mafuta yake. Mwaka 2024 pikipiki ya umeme iliyoundwa Nairobi na kampuni ya Roam iliendeshwa kutoka mji huu hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, kilomita zipatazo 6,000, ikichajiwa kwa nguvu za jua, kwa muda usiotimia wiki tatu. Mwaka huo huo Tanzania ilianza kuwasafirisha abiria wa Dar es Salaam hadi Dodoma kwa treni ya umeme, na Ethiopia ikapiga marufuku kuingizwa kwa magari binafsi ya petroli na dizeli. Majirani zetu hawakungoja mashaka yote yaishe.

Kenya nayo imekwisha kufanya jambo moja jema kwa kupunguza ushuru wa magari ya umeme mwaka 2019 na kodi ya mabasi na pikipiki za umeme mwaka 2023. Lakini ushuru hushusha bei ya gari, wala haujengi kituo. Yafaa sasa fedha na azma zielekezwe njiani: chaja za kasi Emali, Makindu, Mtito Andei, Voi na Mariakani kwa upande wa pwani, na Naivasha, Nakuru na Kericho kwa upande wa ziwa, kila moja iwe na vichwa vya aina zote na mtu wa kuitunza, na chaja za pamoja katika stendi za mabasi na katika mitaa ya wapangaji, kwa bei ile ile ya EPRA. Serikali ya kikoloni ilivijenga vituo vya reli kwa manufaa yake yenyewe, na watu wa Makongeni wakavifanyia kazi maisha yao yote. Hivi vya sasa vijengwe kwa manufaa ya wajukuu wao, na hesabu ya mafanikio yake ianzie kwa abiria wa Landhies Road kabla ya kufika kwa mwenye gari.