Tenki la Gari la Kliniki: Kusafisha, Kuziba na Kuepuka Ajali



Wengi wenu mnalifahamu gari letu la kliniki. Lilitengenezwa Ulaya kama nyumba ya kusafiria wakati wa likizo, likiwa na vitanda, meza na sinki. Sisi tuliondoa vitanda, tukaweka mizani ya watoto, sanduku la chanjo na benchi la akina mama. Kwa miaka kadhaa limekuwa likienda Mbagala, Chamazi na Toangoma, wilayani Temeke.

Wakati wa masika gari lilianza kuzima njiani. Tulibadilisha filta mara tatu. Kila mara lilikwenda vizuri siku mbili tatu, kisha likazima tena. Akina mama walisubiri na watoto mgongoni hadi saa saba mchana, wakarudi nyumbani bila huduma. Kosa letu lilikuwa kutibu filta wakati ugonjwa uko kwenye tenki. Tunaeleza haya kwa ajili ya kamati za parokia zenye magari ya zamani, na kwa wafadhili wanaoyachangia.

Kwa nini tenki huchafuka

Tenki letu ni la bati la chuma. Gari likikaa wiki kadhaa na mafuta kidogo, nafasi inayobaki hujaa hewa, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi. Usiku tenki likipoa, unyevu hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutuama chini. Bati huanza kula kutu kwa ndani, na vijidudu huota pale maji na dizeli vinapokutana, vikatengeneza utelezi mweusi. Uchafu huo ukivutwa huziba filta. Maji yakipenya zaidi, huharibu pampu na nozeli, ambazo ni ghali.

Namna ya kusafisha

1. Egesha gari mahali pa wazi, mbali na jiko, sigara na cheche. Fungua waya wa hasi wa betri.
2. Toa mafuta kwenye madumu safi. Yaache yatulie, uone maji na tope vilivyojikusanya chini.
3. Shusha tenki. Toa geji na mipira yote. Chungulia ndani kwa tochi. Usitumie kiberiti wala mshumaa.
4. Tia maji ya moto, sabuni ya unga na kokoto ndogo zilizooshwa. Ziba midomo, kisha watu wawili walitikise kila upande. Mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe. Hesabu kokoto zilizoingia na zilizotoka.
5. Likaushe juani siku nzima, midomo ikiwa wazi. Kisha suuza kwa dizeli safi kidogo ili kutu isirudi.
6. Rudisha tenki, weka mipira na filta mpya, kisha toa upepo kwenye mfumo wa mafuta kabla ya kuwasha.

Maji machafu yasimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Mitaa yetu mingi hutegemea visima, na mafuta yakiingia ardhini ni vigumu kuyatoa. Yakusanyeni kwenye madumu na kuyapeleka kwa wanaopokea mafuta machafu.

Tenki tupu lina hatari zaidi

Baada ya kuosha tuliona matundu mawili madogo. Lakini kabla ya hapo, katika gereji ya kwanza, tulikuwa karibu kupata msiba. Tenki lilikuwa limemwagwa mafuta tu, halijaoshwa, na kijana mwanagenzi alikuwa tayari ameshika mashine ya kuchomelea. Fundi mzee aliyekuja kuazima spana alinusa mdomo wa tenki, akamwambia, "Mwanangu, zima hiyo kwanza." Kijana alizima. Lazima tukiri: sisi ndio tuliokuwa tunamharakisha, kwa sababu kliniki ilikuwa kesho yake.

Kinacholipuka ni mvuke wa mafuta uliochanganyika na hewa. Tenki lililojaa halina nafasi ya mvuke huo. Tenki tupu linayo tele. Petroli hutoa mvuke hata ikiwa baridi. Taifa letu lilijifunza hilo kwa uchungu Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka baada ya kupinduka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Dizeli haitoi mvuke mwingi katika joto la kawaida, ndiyo maana mafundi huizoea. Lakini moto wa kuchomelea hupasha masalia yaliyoganda kwenye mishono, nayo hugeuka mvuke papo hapo.

Kwa matundu madogo tulitumia gundi ya chuma ya kuchanganya mirija miwili. Bati lilisuguliwa kwa msasa hadi likang'aa, na gundi ikaachwa ikauke usiku kucha. Hakuna moto uliohitajika. Kama ni lazima kuchomelea, kazi hiyo ni ya fundi mzoefu wa matenki tu, baada ya kuliosha zaidi ya mara moja na kulijaza maji mpaka karibu na tundu, midomo yote ikiwa wazi. Bati likiwa limeliwa sehemu kubwa, nunueni tenki jingine.

Tunachoziomba kamati

Jazeni tenki kabla ya gari kukaa muda mrefu. Mwageni maji ya filta kila mwezi. Nunueni mafuta kwenye vituo vinavyotambulika, si kwenye madumu ya barabarani. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri.

Kwa wafadhili wetu: gari hupigwa picha siku linapokabidhiwa, lakini filta na siku ya kusafisha tenki havipigwi picha. Tunaomba fungu la matengenezo liwemo katika kila bajeti. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Gari limerudi barabarani. Na tangu siku ile tumejiwekea kanuni: fundi akisema kazi inahitaji siku mbili, kliniki itasubiri siku mbili.