CHOCHONI: KIAZI CHA MWITU NA UTARATIBU WA KUKITOA SUMU

Katika vichaka vya Visiwa vyetu huota mmea utambaao juu ya miti uitwao chochoni, ambao wataalamu huuita Dioscorea dumetorum. Kiazi chake ni chakula cha miaka ya njaa. Kwa kuwa chakula hicho huweza pia kuua, masheha, mabwana na mabibi shamba, watumishi wa afya na wananchi kwa jumla wanakumbushwa yafuatayo.

Shina la chochoni lina miba, na kila jani limegawika vijani vitatu mfano wa kunde. Kiazi kikuu kilimwacho kondeni kina jani moja lenye umbo la moyo. Alama hiyo, hata hivyo, haisaidii wakati wa kiangazi majani yakishapukutika, na huo ndio wakati watu huchimba.

Sumu iliyomo hushambulia mishipa ya fahamu na kuleta degedege. Kuipika tu chochoni hakutoshi. Sumu hiyo hutolewa kwa maji. Desturi ni kumenya kiazi, kukikata vipande vyembamba sana, kuvitia ndani ya kikapu na kuviloweka katika maji yapitayo au maji ya chumvi kwa muda wa siku tatu au zaidi. Baada ya hapo vipande huoshwa tena na kuchemshwa, au huanikwa juani, vikatwangwa unga wa kusonga ugali. Ni kazi nzito kwa chakula kisichosifika kwa utamu. Anayeifanya kwa kawaida ana njaa, na mwenye njaa hushawishika kupunguza siku. Hatari kubwa iko hapo. Maji ya kulowekea yasiachwe mahali wanaponywa mifugo.

Nchini Nigeria na Kamerun hulimwa aina ya kiazi hiki isiyo na sumu. Asitokee mtu akadhani ya mwituni kwetu ni hiyo.

Aidha, yuko jamaa yake, Dioscorea sansibarensis, aliyepewa jina la Zanzibar na mtaalamu Pax mwaka 1892. Majani yake ni mapana yenye ncha ndefu, na huzaa vijiazi makwapani mwa majani. Watoto wakatazwe kuvichezea, kwani navyo vina sumu.

Mtu atakayepatwa na kizunguzungu, kutapika au degedege baada ya kula kiazi cha mwitu apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya kiazi alichokula.