Dizeli ya Madumu na Breki za Takisi

Baadhi ya madereva wa takisi wametuuliza kwa nini askari wa mpakani washughulike na injini, ilhali hiyo ni kazi ya fundi. Jibu liko barabarani, katika vilima vya Kabale kuelekea Katuna.

Hiace za zamani nyingi zilikuwa na injini ya 3L, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, na pampu isiyotegemea kompyuta. Ilivumilia mengi. Zilizofuata nyingi zina 1KD-FTV: silinda nne, ujazo wa 2,982, tabo, na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme. Humo dizeli husukumwa kwa shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida zaidi ya mara elfu moja, ikapenya katika vitundu vyembamba mno. Tena dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Mafuta ya magendo yakichanganywa na mafuta ya taa hupoteza ulaini huo, chuma kikasuguana na chuma. Yakiwa na maji, kutu huanza. Dalili zake ni mgongano wa injini asubuhi, moshi mweupe na kupungua nguvu mlimani.

Si kila ugonjwa waletwa na dumu, tukiri. Vizibo vya shaba chini ya nozeli vikivuja, masizi huingia katika oili na kuziba chujio la ndani ya sampo, injini ikakosa oili na kukwama. Fundi mwangalifu hufungua sampo kukagua chujio hilo. Mkanda wa taimingi nao ukikatika, valvu hugongana na pistoni.

Kinachotuhusu sisi ni hiki: injini hiyo ndiyo huendesha pampu ya kusaidia breki na ile ya usukani. Ikizimika mteremkoni, pedali hubaki na msaada wa mikanyago michache tu, kisha huwa ngumu kama jiwe. Kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipigepige. Acha gari katika gia, wala usikanyage klachi, ili magurudumu yaendelee kuizungusha injini ikiwa bado yazunguka. Na wanaozima injini mteremkoni kubana mafuta hujinyima breki kwa hiari yao.

Aliyeuziwa dizeli ya mashaka alete kiasi kidogo kituoni katika chupa safi ya kioo, na aeleze alikoinunua.