Nyimbo Mpya Kutokana na Mfalme Lear

Mtu atokaye Kericho kwa njia ya Litein na Kapkatet hufika Kaplong, mahali ambapo barabara ya Bomet hukutana na ile iendayo Sotik na Kisii. Hapo pana shule ya sekondari ya wavulana na nyingine ya wasichana. Wanafunzi wengi, huko na kwingineko, huhesabu mchezo wa huzuni wa kale kuwa kitu cha mtihani tu, kisha basi. Sisi twaona kwamba waweza kuwa mbegu ya nyimbo mpya. Na katika nchi ya Wakipsigis mbegu ya namna hiyo ilikwisha kuota zamani.

Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kunasa nyimbo, alifika Kapkatet. Aliwasikia wasichana wakiimba habari za "Chemirocha". Jina hilo latokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huko katika santuri. Tracey aliandika kwamba kwao alikuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala. Basi wasichana wale hawakumwiga mgeni. Walitwaa jina lake na ajabu yake, wakatunga jambo lao wenyewe kwa kinubi cha kwao.

Mtungaji wa Kaplong akitaka kufanya vivyo hivyo kwa mchezo wa Shakespeare, twamshauri achague Mfalme Lear, uliochezwa mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1606. Si mgeni Kenya. Ngugi wa Thiong'o aliandika kwamba aliuona Alliance High School katika miaka aliyosoma huko, kati ya 1955 na 1958. Lakini sababu yetu kubwa ni nyingine: habari yake ni kugawa ardhi.

Lear ni mzee mwenye binti watatu, wala hana mwana wa kiume. Akichoka na utawala, aamua kuigawa nchi yake akiwa hai, na kila binti apate fungu kwa kadiri ya maneno ya mapenzi atakayoyasema. Wawili wakubwa wamsifu mno. Mdogo, Cordelia, ampendaye kweli, akataa kupamba maneno, naye aondoka mikono mitupu. Baadaye wale wawili wamfungia baba yao milango usiku wa tufani, na mwisho Cordelia afa, na mzee afa kwa uchungu juu ya maiti yake.

Ni mkulima gani wa majani chai asiyeielewa habari hii? Zamani, kwa desturi ya Wakipsigis, mali ilifuata nyumba ya kila mama, na binti aliolewa akaenda kwa watu wengine. Mke asiye na mwana wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenziwe, ili nyumba yake ipate mrithi. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1981, haibagui kati ya mwana wa kiume na wa kike. Lakini sheria ni kitu kimoja, na mazungumzo ya jioni penye eka tatu na watoto saba ni kitu kingine.

Hapo ndipo ilipo hatari ya mtungaji. Wimbo wa baba aliyegawa shamba vibaya, ukiimbwa mbele ya wazazi, utawafanya watu watazamane, na jamaa fulani watadhani wameimbwa wao. Kwa hiyo mfalme na abaki mfalme. Asipewe jina la kijiji wala la ukoo. Kila msikilizaji atajipeleka mwenyewe mahali pake.

Kosa jingine ni kueleza kisa chote tangu mwanzo hata mwisho. Wimbo wa namna hiyo hugeuka hotuba. Hata Verdi, Mwitalia aliyetunga opera za Macbeth na Otello, alitamani miaka mingi kumtungia Lear, asifanye. Yafaa kutafuta mtu ambaye mchezo umemnyamazisha. Mama yao mabinti hayumo kabisa. Lear ataja kaburi lake mara moja tu. Je, huyo angesema nini? Twatoa mfano wetu, kwa mizani minane:

Nchi ukiigawanya,
maneno wayakusanya;
la kweli umelikanya,
la uongo umelipa.

Watoto niliwalea,
leo kwako wagombea;
sauti yanipotea,
nafasi hawakunipa.

Atakayetunga kwa Kikipsigis hana haja ya vina hivi. Kiongozi aseme neno la mama, na kundi liitikie kwa neno moja lisilobadilika. Yuko pia mchekeshaji wa mfalme, ambaye katika mchezo wenyewe huimba vijembe, kisha katikati ya habari atoweka wala hatujui alikokwenda. Wimbo wake wa kurudi bado wangoja mtu wa kuutunga, na ungewafaa wavulana wenye sauti nzito.

Watu watamwomba mtungaji amponye Cordelia. Ombi hilo ni la kale. Mwaka 1681 Mwingereza Nahum Tate aliuandika upya mchezo, Cordelia akaishi na kuolewa, na kwa zaidi ya miaka 150 watazamaji wa London walipendezwa na mwisho huo. Kwa maoni yetu Tate aliuharibu, maana baba aliyelipia maneno ya uongo hakupoteza kitu. Wala mzee aingiapo amembeba binti yake pasiwe na wimbo wo wote. Waimbaji wakae kimya, kinubi kiwekwe chini, na yule mzee asikiwe peke yake.