Elimu ya Uchumi Shuleni na Gunia la Mahindi Nyumbani

Leo nataka kunena nanyi juu ya elimu ya uchumi, na hasa namna ifaavyo kufundishwa kwa vijana wa shule za sekondari. Najua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya walimu na wanafunzi, sisi wakulima na wachuuzi yatuhusu nini?" Yawahusu sana. Kijana huyo asomaye uchumi ndiye atakayeulizwa nyumbani kama mahindi yauzwe sasa au yangojewe, na kama mkopo uchukuliwe au uachwe. Akijibu vibaya, hasara haitakuwa ya karatasi ya mtihani tu. Itakuwa hasara ya jamaa nzima.

Neno lenyewe si geni kwetu. Kuchuma ni kuangua tunda mtini, na mtu apataye faida kwa kazi yake pia husemwa kuwa amechuma. Uchumi, basi, wahusu jinsi watu wapatavyo riziki na jinsi waitumiavyo. Shina la elimu hii ni hili: haja za watu ni nyingi, na vitu vya kuzitimiza ni haba. Mwenye shamba moja hawezi kulipanda lote mahindi na lote pamba. Mwenye fedha kidogo hawezi kuinunulia chumvi, na fedha ile ile kuiweka akiba. Kila achaguapo kitu ameacha kingine, na kile kilicho bora katika vyote alivyoviacha ndicho gharama ya kweli ya kile alichokitwaa. Mwanafunzi akilishika neno hili moja vema, amepata ufunguo wa milango mingi.

Katika Tanzania somo hili kwa miaka mingi limefundishwa hasa katika Kidato cha 5 na cha 6, na kwa lugha ya Kiingereza. Hapo ndipo penye hatari. Mwulize mwanafunzi maana ya soko, atakutolea maneno ya kitabu pasipo kukosa hata moja. Kisha mwulize kwa nini debe la mahindi ni rahisi wakati wa mavuno na ghali miezi sita baadaye, naye aweza kunyamaza, hali mama yake asiyejua kusoma aweza kukueleza vizuri. Mwanafunzi huyo hakukosa akili. Alipewa jina la kitu kabla hajaonyeshwa kitu chenyewe. Kazi ya mwalimu ni kugeuza utaratibu huo: kitu kitangulie, jina lifuate.

Tuanze na bei. Wengi hudhani kwamba bei hupangwa na mtu mmoja mwenye tamaa aketiye mahali fulani. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi kwa mchezo jinsi bei izaliwavyo kwa watu wengi. Mwaka 1948 Edward Chamberlin, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard katika Marekani, alieleza jinsi alivyowafanya wanafunzi wake kuwa wauzaji na wanunuzi ndani ya darasa, kila mmoja na karatasi yake. Mmoja wa wanafunzi wake, Vernon Smith, baadaye aliutengeneza upya mchezo ule katika darasa lake mwenyewe: aliamuru kwamba kila bei inenwe kwa sauti, watu wote waisikie. Kazi hiyo ya majaribio ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002.

Mchezo huu hauhitaji vyombo. Chukua wanafunzi 10 wawe wauzaji, na 10 wawe wanunuzi. Wape wauzaji vipande vya karatasi vilivyoandikwa shilingi 100, 200, 300, hata 1,000. Kila mmoja asikubali kuuza chini ya kiasi chake. Wape wanunuzi vipande kama hivyo. Kila mmoja asikubali kununua juu ya kiasi chake. Kisha waache waitane bei kwa sauti. Mara ya kwanza patakuwa na kelele nyingi, na bei itaruka huku na huku. Rudieni mara ya pili na ya tatu. Mtaona bei inakaribia kutulia kati ya shilingi 500 na 600, wala hakuna aliyewaamuru. Sasa waondoe wale wauzaji watatu wa bei ya chini kabisa, mkacheze tena. Bei itapanda kukaribia shilingi 700, na mali itakayouzwa itapungua. Hapo ndipo mwalimu aandike ubaoni maneno ya kitabu, maana wanafunzi sasa wana mahali pa kuyaweka.

Jambo la namna hiyo lilitokea kweli katika pwani yetu. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga kisiwa cha Unguja ikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba haikupata madhara makubwa kama Unguja. Karafuu zikawa haba, bei ikapanda. Mwalimu na aulize darasa: nani alipata faida? Si mwenye shamba wa Unguja, kwa maana bei njema haimfai mtu asiye na kitu cha kuuza. Alifaidika mwenye mikarafuu ya Pemba iliyosalia. Watu wakapanda tena, lakini mkarafuu huchukua miaka kama sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Kwa hiyo waliopanda kwa sababu ya bei ya juu walikuja kuvuna pamoja na wengine wengi waliofikiri kama wao. Hivyo bei ya leo huwaita watu kulima, na wingi wao huishusha bei ya kesho. Wala mwalimu asiache kuwaambia kwamba mashamba yale yalilimwa kwa mikono ya watumwa, na kwamba utumwa haukuondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Bei hutuambia kitu kimeuzwa kwa kiasi gani. Haitwambii ni jasho la nani, wala kama alilipwa. Elimu ya uchumi isiyouliza hilo ni nusu ya elimu.

Sasa turudi kwenye mahindi, maana hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Kijana aliyekwisha kujifunza habari za bei huja nyumbani likizo, akamwona baba yake anauza mahindi mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini. Moyoni mwake asema, "Wazee wetu hawajui uchumi." Tufanye hesabu tuone.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mzee ana magunia manne zaidi ya chakula cha nyumbani. Bei ya mavuno ni shilingi 40,000 kwa gunia. Bei baada ya miezi sita ni shilingi 70,000. Akiuza sasa apata 160,000. Akingoja, yaonekana atapata 280,000. Lakini wahenga waliosema akiba haiozi hawakunena juu ya mahindi. Mahindi huliwa na wadudu. Yuko mdudu aitwaye dumuzi, asili yake Amerika, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa katika sehemu za Tabora, na tangu hapo ameenea sana. Tuseme aharibu fungu moja katika kumi: hasara ni 28,000. Tuongeze gharama ya dawa na mifuko, 20,000. Zinabaki 232,000. Faida ya kungoja, basi, ni 72,000. Kijana atasema, "Mwaona? Angengoja!"

Ngoja kwanza. Kwa nini mzee aliuza? Kwa sababu anadaiwa shilingi 160,000, deni la mbolea na ada ya shule, na mdai hangoji. Asipouza hana budi kukopa. Mkopeshaji wa kijijini ataka riba ya fungu moja katika kumi kila mwezi, yaani shilingi 16,000. Kwa miezi sita ni 96,000. Toa katika ile faida ya 72,000: mzee amepata hasara ya 24,000. Hakuwa mjinga. Alipiga hesabu kichwani, akachagua vema kuliko mwanawe mwenye kitabu. Tena bei ya miezi sita ijayo hakuna aijuaye kwa yakini, naye aliyeelemewa na deni hana nguvu za kubahatisha.

Geuza jambo moja tu katika hesabu hiyo. Riba na iwe 2 katika 100 kwa mwezi, yaani shilingi 3,200. Kwa miezi sita ni 19,200. Sasa kungoja kwaleta faida ya 52,800. Mahindi ni yale yale, bei ni ile ile, mzee ni yule yule. Riba tu imebadilika. Wanafunzi wakiisha kuiona hesabu hii wenyewe, watafahamu kwa nini watu husema kukopa harusi, kulipa matanga. Watafahamu pia kwamba umaskini mara nyingi si kukosa akili, bali ni kukosa nafasi ya kungoja. Neno hili latupasa sisi tufundishao tulitie sana moyoni mwa vijana, wasije wakarudi kwao na dharau badala ya msaada.

Na msaada upo, maana hesabu yenyewe yatuonyesha mahali pa kutia mkono. Hasara ya wadudu yaweza kupunguzwa kwa kukausha mahindi vema na kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hukosa pumzi wakafa. Udhaifu wa mtu mmoja mbele ya mnunuzi waweza kupunguzwa kwa kuuza pamoja. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 mahali pake pakasimama chama kikuu cha ushirika kiitwacho K.N.C.U. Chama hakiwezi kuiamrisha bei ya kahawa ya dunia, lakini chaweza kumwepusha mkulima asipunjwe na mnunuzi mmoja mmoja. Ushirika nao una taabu zake: mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena. Katika ushirika wo wote neno la wazee lasimama: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuhusu deni, uko mpango wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria katika Tanzania mwaka 2005, na uliotumika katika korosho za Mtwara kuanzia mwaka 2007. Mkulima huweka mazao ghalani, hupimiwa, hupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo yaweza kuwa dhamana ya kupata fedha kabla mazao hayajauzwa. Shabaha yake ni ile ile tuliyoiona katika hesabu yetu: kumpa mkulima nafasi ya kungoja. Je, hufaulu kila mahali? Fedha ikichelewa, au makato yakiwa mengi, mkulima hulalamika, na ana haki kulalamika. Hilo ni swali jema la kuwapa wanafunzi: wahesabu makato yote, waone kilichobaki mkononi mwa mkulima, ndipo wahukumu.

Ninyi walimu wenzangu, nawashauri mambo matatu. La kwanza, kila darasa liwe na daftari la soko. Wanafunzi waandike kila juma bei ya debe la mahindi, kibaba cha maharagwe, na chupa ya mafuta ya taa, kisha wachore mstari wa bei hizo juu ya karatasi kubwa ukutani. Mwisho wa mwaka watakuwa na kitabu chao wenyewe. La pili, kabla ya kueleza neno la Kiingereza, waulizeni wanafunzi kwao jambo hilo huitwaje, na nani alifanyaye. La tatu, msiwatahini kwa maana za maneno peke yake. Wapeni hesabu ya nyumba moja, wachague, na waeleze ni kitu gani kilichoachwa.

Nanyi wanafunzi, mnapokwenda likizo, ulizeni kabla ya kufundisha. Mwulize baba au mama kwa nini aliuza siku ile, kwa nini alikopa kwa mtu yule, kwa nini alipanda mtama mahali pa mahindi. Andika jibu lake, kisha ukae naye mpige hesabu pamoja, yeye akitoa habari na wewe ukishika kalamu. Yamkini utaona alikuwa sawa. Yamkini mtaona pamoja mahali pa kuokoa shilingi chache. Kwa vyo vyote mtakuwa mmefanya kazi ya uchumi.

Na wewe msomaji uliye kijijini, usingoje mwalimu. Siku ya soko ijayo andika bei ya kile ukiuzacho na ya kile ukinunuacho, na tarehe yake. Fanya hivyo mwaka mzima. Mavuno yajapo, fungua daftari lako kabla hujamfungulia mnunuzi ghala.