Programu Mbili Zinapogombea Mlango Mmoja: Somo la Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Mwalimu aliyekabidhiwa chumba cha kompyuta hukutana mapema na hitilafu ya ajabu: programu iliyofanya kazi jana leo inakataa, na kesho huenda ikakubali tena bila mtu kuigusa. Aghalabu mwalimu huizima mashine na kuiwasha upya, na ikikubali huendelea na kipindi. Njia hiyo huokoa kipindi, lakini haimfundishi mtu kitu. Katika makala haya tunakusudia kueleza chanzo kimoja cha hitilafu ya namna hiyo, na jinsi ya kukitafuta pamoja na wanafunzi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kompyuta yetu ya mezani ilikuwa na programu ya kugawa masomo kwa kompyuta za wanafunzi, na programu nyingine ya kutunzia orodha ya vitabu vya maktaba. Asubuhi moja programu ya masomo haikufanya kazi. Tulimwita mtoto aliyeitumia mashine hiyo mwisho, tukamwambia ameiharibu. Naye akainama, asijibu neno. Baadaye ilidhihirika kwamba hakufanya lolote ila kufungua orodha ya vitabu kwanza, kama tulivyomwagiza. Ilitubidi kumwomba radhi mbele ya wenzake.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Programu inayopokea ujumbe kutoka kompyuta nyingine husubiri ujumbe huo kwenye mlango wenye namba, ambao mafundi huuita poti. Mfano ulio karibu nasi ni masanduku ya posta. Haitoshi kuandika jina la mji juu ya bahasha. Lazima pia kuandika namba ya sanduku. Vivyo hivyo, ujumbe hufika kwenye kompyuta kwa anwani yake, kisha huifikia programu kwa namba ya poti. Namba hizo huanzia 0 hadi 65535. Kurasa za tovuti kwa desturi hutumia poti 80 au 443, na namba zilizo chini ya 1024 zimetengewa huduma zinazojulikana. Kwa hiyo watengenezaji wengi wa programu ndogo huchagua namba za juu zaidi, na 8080 hupendwa sana.

Hapo ndipo ugomvi unapozuka. Watengenezaji wawili wasiojuana wanaweza kuchagua namba moja, na kwa kawaida poti moja haiwezi kusubiriwa na programu mbili kwa wakati mmoja. Iliyotangulia huipata, inayofuata hukataliwa. Ndiyo maana hitilafu huja na kutoweka: hutegemea ni programu ipi iliyofunguliwa kwanza. Pengine programu hugombana na nafsi yake. Mtumiaji amefunga dirisha lake, lakini sehemu ya ndani inayopokea ujumbe haijakoma, na bado imeshika poti. Akiifungua tena, ile ya pili hukataliwa na ile ya kwanza.

Ili wanafunzi waone jambo hili, mwalimu aandae maboksi matupu ya viberiti yaliyoandikwa namba. Watoto wawili wawe programu, na kila mmoja apewe kwa siri karatasi yenye namba ya boksi lake. Namba hizo ziwe sawa. Mmoja aitwe kwanza achukue boksi, kisha wa pili. Halafu zoezi lirudiwe kwa kubadili zamu. Darasa litaona kwamba anayekosa si mbaya wala mjinga, amechelewa tu.

Baada ya mchezo, hatua za utafutaji zifuatwe kwenye mashine yenyewe:

1. Ujumbe wa hitilafu usomwe na kunakiliwa ubaoni kama ulivyo. Mara nyingi huwa umekwisha kusema kwamba anwani au poti inatumika.

2. Programu zote mbili zifungwe kabisa, kisha zifunguliwe kwa mpangilio mmoja, na baadaye kwa mpangilio wa kinyume. Ikiwa inayokataliwa inabadilika, tumeukaribia ukweli.

3. Mashine iulizwe ni nani aliyeshika poti. Katika kompyuta za Windows, amri ya netstat -ano huonyesha orodha ya poti, na mwisho wa kila mstari wa poti inayosubiriwa ipo namba ya programu inayohusika. Namba hiyo itafutwe katika orodha ya programu zinazoendelea.

4. Jambo moja tu libadilishwe, kisha lijaribiwe. Kwa mfano, programu moja ipewe poti 8081. Tukibadilisha mambo matatu kwa pamoja na mashine ikapona, hatutajua dawa ilikuwa ipi.

5. Wote wanaoipigia programu hiyo wajulishwe namba mpya. Kompyuta za wanafunzi zikiendelea kubisha hodi kwenye 8080, zitajibiwa na programu nyingine, au zisijibiwe kabisa, nasi tutadhani hitilafu imerudi.

Hatimaye chanzo na dawa viandikwe katika daftari la chumba cha kompyuta, ili mwalimu mwingine asianze upya.

Si kila hitilafu ya mtandao hutokana na poti. Huenda waya umechomoka, au programu ya ulinzi imezuia ujumbe. Lakini utaratibu ni uleule: kutazama, kurudia, kuuliza, na kubadili jambo moja kwa wakati. Mwalimu mwanafunzi hana budi kuuzoea kabla hajaingia darasani. Mashine iliyokosewa hutengenezwa. Mtoto aliyesingiziwa mbele ya wenzake huenda asiiguse kompyuta tena, na hasara hiyo haionekani kwa amri yoyote.